Nikubalie Nikupikie, Mama

Glasgow, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba mvua imewaacheni salama hapo Mikinduri. Mkono wa kulia unaendeleaje? Usinijibu "uko sawa" kama unavyomjibu pasta. Mama Makena wa jirani ameniambia kwenye simu kwamba bado huwezi kushika mwiko, na kwamba tangu tumzike dada yangu Kagendo unaishi kwa mkate na chai ya sukari nyingi.

Sikukugombeza mapema kwa sababu nami nilikuwa vivyo hivyo. Niliporudi huku kutoka mazishini nilikula chipsi na soda, nimeketi kitandani na koti mwilini. Kila nilipowaza chakula cha kweli nilimwona dada yangu ameinama jikoni kwako, hamu ikaniisha. Miguu ikavimba. Daktari akasema sukari yangu imepanda. Nikabishana naye, unanijua, kisha nikaenda nyumbani nikalia.

Ndipo nikaamua kupika mukimo, ule mseto wako wa kuponda. Mimi niliyesoma vitabu hadi macho yakachoka nilitia mahindi makavu, maharagwe, viazi na mboga kwenye sufuria, vyote kwa pamoja. Viazi vikawa uji, mahindi yakabaki mawe. Nikakupigia simu.

"Kirimi, kwani umekosa mwanamke wa kukupikia huko kwa wazungu?"

"Niambie tu, Mama, mahindi yanalainishwaje?"

"Mwanamume aliyetahiriwa haulizi mambo ya sufuria. Baba yako angesikia!"

"Baba hayupo. Njaa ipo."

Ukacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Loweka usiku kucha, mjinga wewe. Viazi vinaingia mwisho!"

Tangu hapo najipikia. Mukimo, githeri ya mahindi na maharagwe, ndizi na mboga. Sukari imeshuka na viatu vinanitosha tena. Lakini kila nikishika kijiko nakuona wewe ukichovya mkate peke yako, nami nakirudisha sahanini.

Unakumbuka wiki ile ya mazishi, nilipotaka kukupondea ndizi? Ulisimama mlangoni ukanizuia. "Tangu utoke jandoni hujaingia jikoni mwangu. Hutaingia leo." Nikawasha moto uani, ukaniambia niuzime, majirani wataona. Baba mdogo akakuunga mkono, mdomo wake umejaa mkate ulioletwa na watu wa kanisa.

Mila hiyo niliitii tangu ujana wangu, na sasa naona ilikuwa rahisi kuitii kwa sababu Kagendo alikuwa ndani. Heshima yangu ilibebwa na mgongo wake. Leo hayupo, na wanaume wa ukoo wangependa ushinde njaa kuliko mimi nionekane na masizi mikononi. Waambie nimesema hivyo. Mila inayomnyima mama chakula ili mwanawe aitwe mwanamume, mimi siioni ina kazi gani tena. Watoe hoja, wasinitajie tu mababu.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kukueleza. Ulidhani kazi yangu huku ni ya ofisi. Natunza wazee, Mama. Kila asubuhi nawapikia uji akina mama wa watu wengine, nawalisha kwa kijiko, nawapangusa midomo. Kuna bibi mmoja hufungua mdomo akisikia tu hatua zangu. Hanijui hata jina, lakini ananiruhusu. Wewe uliyenizaa hujaniruhusu.

Nakuja mwezi wa nane. Baba mdogo nitabishana naye hadi achoke, na pasta pia akitaka. Wewe siwezi kukusukuma. Ukikataa tena nitakaa uani nikikutazama ukimega mkate kwa mkono wa kushoto, na baada ya hapo sijui nitarudije huku kumlisha mama wa mtu mwingine.

Msalimie Mama Makena, jirani mwema, na umwambie asinunue tena mkate, alete majani ya maboga. Msalimie pasta. Na Baba mdogo pia, maana ni ndugu wa baba yangu na nampenda hata nikiwa nimekasirika. Pale alipolala Kagendo, nipandie ua kwa niaba yangu.

Mungu akulinde hadi nifike. Mbele ya watu wote mimi ni mwanamume, lakini kwako naomba niwe mtoto tu, mwenye mama mwenye njaa.

Mwanao,
Kirimi