Waya Usiotoa Sauti

Kisarawe, Pwani
3 Agosti 2024

Mpendwa Kaka Latifu,

Shikamoo. Vipi hali yako huko Mpanda, na mgongo umepoa? Wifi Yasmin anaendeleaje na mizinga yake ya nyuki? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Mihogo ya Marui tumeshaitoa shambani, mikorosho imeanza maua, na baridi ya huku mlimani inatutoa kamasi sote.

Nimeandika kwa sababu juzi ulinikatia simu. Uliniambia nimeiaibisha familia na nimwombe Shemeji Seif radhi, ukakata kabla sijafungua mdomo. Barua haikatwi, kaka. Isome mpaka mwisho, kisha ukasirike ukitaka.

Uliyoyasikia umeyapata kwa Shemeji mwenyewe, na Shemeji hupenda kuanza hadithi pale panapompendeza. Mimi naanza mwanzo. Tangu mume wangu afariki, yeye kama kaka wa marehemu ndiye mwenye kauli juu ya ndoa ya Nuria. Akaleta habari kwamba rafiki yake, Mzee Shomari, amefiwa na mke na anamtaka mwanangu. Kikao kingefanyika nyumbani kwa Shemeji, Maili Moja, Kibaha. Sisi tusijisumbue kupanda gari, ostadhi angemuuliza binti kwa simu ya video. Na kwa desturi yetu, msichana akinyamaza, amekubali.

Kaka, Nuria unamjua. Ile homa ilimchukua masikio kabla hajajua kusema. Ukimletea desturi hiyo msichana kama huyu, umeshamwoza kabla hujamuuliza. Nilikaa jikoni na hasira zangu mpaka wali ukaungua.

Nuria mwenyewe hakulia. Alinieleza kwa mikono kwamba anataka kuwaona wote watakaokaa kumzungumzia, na kujua kila mmoja anasema nini. Zuwena, binti wa Shemeji, amekua naye na anaijua lugha ya alama vizuri kuliko mimi. Akaahidi kukaa karibu na baba yake na kumtafsiria kila neno. Tatizo likawa simu. Kwenye kioo kile mikono ya Zuwena ilikuwa midogo kama ya mdoli, huwezi kusoma vidole. Ndipo Nuria akaitazama televisheni aliyotuachia baba yake, kisha akaitazama laptop yake kuukuu anayochapia kazi za watu pale steshenari.

Tukaenda kwa Ambokile, fundi wetu wa hapa stendi. Kwanza alitupa kidude cha kurusha picha bila waya. Picha zilichelewa na kuganda, mkono unaanza neno leo unalimaliza kesho. Tukamrudishia. Akatupa kiboksi chenye nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Sauti ilikuwa safi, lakini picha ina ukungu na vidole vyote vimeshikana. Nuria akatikisa kichwa. Kisha akaingiza mkono mwenyewe kwenye boksi la makorokoro na kuchomoa waya mnene wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili pembeni, huo wanaouita VGA.

“Huo hapana, mama,” Ambokile akasema. “Unapeleka picha tu, sauti hamna. Watu wameshauacha.”

Nilicheka mpaka fundi wa watu akashangaa. Nikamwambia tunachukua huohuo. Tulipouchomeka nyumbani, Zuwena alitokea kwenye televisheni mzima mzima, na pete yake unaiona. Sauti ilibaki kwenye laptop, nikawa naisikiliza mimi.

Siku ya kikao ilifika. Walidhani Nuria anachungulia kwenye simu kama wanavyochungulia wao, kwa hiyo walizungumza kwa kujiachia. Mzee Shomari akasema amepata bahati ya mke asiye na kelele. Wanaume wakacheka. Nilimwona Zuwena akisita, halafu akalitafsiri, na kicheko chao akakitafsiri pia. Sitausahau uso wa mwanangu.

Ostadhi akamuuliza. Nuria akasimama mbele ya kamera, akajibu kwa mikono, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Zuwena akawa kimya. Baba yake alikuwa amemshika bega.

“Amenyamaza,” Shemeji akasema. “Alhamdulillah. Tusome Fatiha.”

Nuria aliwaona wakiinua mikono. Akaipiga meza mpaka laptop ikaruka, akayarudia yote. Zuwena akautoa mkono wa baba yake begani.

“Hajanyamaza, baba. Anasema hataki. Na anauliza, kama Mzee Shomari anapenda nyumba isiyo na kelele, kwa nini asiishi peke yake?”

Ostadhi akashusha mikono. Akasema binti amekataa, na yeye hafungishi ndoa ya aliyekataa. Mungu amzidishie heri ostadhi yule.

Hiyo ndiyo aibu yangu, kaka. Shemeji anasema televisheni imemharibu mtoto, na amemfukuza Zuwena. Yuko hapa kwangu, analala chumba kimoja na Nuria, na ataendelea kulala humo. Unataka nimwombe Shemeji radhi. Simwombi, si leo wala Idi. Anayemtaka Nuria aje Kisarawe, akae mbele yake, na awe ameshajifunza kuzungumza naye.

Na wewe nina neno nawe. Kikao kilipovunjika, nilidhani mwanangu atafurahi. Badala yake aliniuliza mbona mjomba wake hakuwemo kwenye kioo. Nikajifanya nafunga madirisha. Kaka, ukipiga simu kila mara unaniambia nimsalimie Nuria, nami nafikisha, tangu yuko mdogo mpaka leo ni mtu mzima. Nimechoka. Salamu zako sifikishi tena. Piga kwa video, tutauchomeka waya, Zuwena atakuonyesha mikono inavyokwenda, na utamsalimia mwenyewe. Utakosea, naye atakucheka. Vumilia.

Msalimie sana Wifi Yasmin, na Hajra na wadogo zake. Zuwena anakuamkia. Mungu awape afya na riziki ya halali, na akulainishe moyo wewe hasa.

Nuria hajakutumia salamu. Anakusubiri.

Mdogo wako asiyeomba radhi, akupendaye vilevile,
Mwanaamina