Nyumba Yenye Habakuhesabu

Kinshasa, 4 Machi 2023

Baba mupenzi,
Jambo sana. Magoti ya mama inamuuma bado? Miye niko muzima, ni hii joto tu.

Baba, nimepata kazi! Ofisi yetu inatafuta kujua inchi nzima inahitaji nyumba ngapi. Tunachukua hesabu ya bantu, tunagawa kwa bantu benye kuishi nyumba moja, halafu tunatoa nyumba zenye ziko tayari. Zenye kubakia ndizo zinakosekana. Nyumba za matofali mabichi hatuhesabu. Tunaandika "hakuna nyumba", ili serikali ijenge za nguvu.

Mutoto wako, Simone

Annexe, Lubumbashi, 20 Machi 2023

Mutoto wangu Simone,
Jambo. Magoti ya mama yako inauma, lakini siku barua yako ilifika alicheza mbele ya bajirani. Tumeshukuru Mungu.

Niulize kitu. Nyumba yetu ni ya matofali mabichi. Nilifinyanga mie na mama yako, na weye ulizaliwa ndani. Sasa mumeandika hakuna? Na sisi tunalala wapi?

Baba yako, Chishimba

Kinshasa, 2 Aprili 2023

Baba,
Salamu kwenu bote. Umenichekesha! Ni mambo ya karatasi tu. Namba ikiwa kubwa, feza za kujenga zinakuja. Mutajengewa.

Mutoto wako, Simone

Kampemba, Lubumbashi, 17 Novemba 2024

Simone,
Jambo. Mambo ya afya, tuache.

Katapila ilikuja Annexe kubomoa nyumba zetu. Nilisimama kwa mulango. Bwana mumoja wa kampuni ya kujenga akaniambia: "Papa, nyumba hatulipi fidia. Ripoti ya Kinshasa inasema hapa hakuna nyumba."

Nikamuuliza: "Na huyu mama mwenye kupika ndani?"

Akaangalia telefone yake.

Sasa banajenga magorofa na ukuta murefu. Niliuliza bei. Mulinzi alicheka. Tuko kwa dada yako Christiane, mama analala kwa koridoo. Ile ripoti, jina lako liko ndani? Niambie ukweli.

Baba yako, Chishimba

Kinshasa, 29 Novemba 2024

Baba,
Pole sana, na mama pia.

Jina langu liko, pamoja na ya bengine. Lakini tulisema bajenge, hatukusema babomoe. Nilimuuliza chef wangu wa kazi, anasema hesabu iko sawa. Na iko sawa, Baba. Kujeni huku, ofisi imenipa apartema ya vyumba tatu. Nitatuma tiketi.

Mutoto wako, Simone

Kampemba, 9 Januari 2025

Simone,
Mama yako tulimuzika Jumamosi. Telefone yako iliita tu.

Mwenye parcelle, kiwanja chenye Christiane anapanga, alikatala kilio kwake, tukakaa barabarani. Bajirani ba Annexe balikuja mumoja mumoja, kila mutu kutoka kona yenye analala sasa. Mvua ikatukuta pale pale.

Tiketi zako zilifika yeye akingali muzima. Nilimwambia tuende. Akajibu: "Nitaingia namna gani kwa nyumba ya Simone? Yangu, alisema hakuna."

Usitume tena.

Chishimba