Alto ya Wimbo wa Nyongeza

Muthoni,

Wameanza tena. Kile kikundi chetu cha WhatsApp cha mashabiki wa muziki wa metal, ambacho ulisema kina watu wa nywele ndefu na kazi fupi, kimewaka moto wiki nzima kwa sababu ya ule wimbo. Ndiyo, ule wa nyongeza, ambao ile bendi tunayoipenda iliutia kwenye kaseti pekee na haikuutoa tena popote. Nimekaa hapa dukani kati ya dawa za kupe na mbegu za sukuma, nasoma, na sina mtu wa kumwonyesha simu.

Nilidhani wameusahau. Kumbe wanaubishania kama siasa. Mmoja wa Eldoret anasema ile ngurumo ya chini ni mtambo, kwamba bendi iliingia kurekodi ndani ya kiwanda kibovu huko kwao. Wa Kampala anaapa ni gitaa la besi lililolegezwa nyuzi. Na wote, wote Muthoni, wanauliza kuhusu ile sauti ya mwisho. Magitaa yanakatika, ngoma zinanyamaza, halafu anabaki mwanamke mmoja ameshikilia noti moja mpaka pumzi inamwishia. "Huyo dem ni nani? Ananimaliza, wazee." "Huyo ni mzimu wa studio, boss."

Mzimu! Ungecheka mpaka ushike ukuta.

Ni mimi peke yangu ninayejua. Kaka yako alipokutumia ile kaseti kutoka ng'ambo, hatukuwa na njia ya kuiingiza kwa simu. Tukaazima redio ya zamani ya baba yako, tukaiweka juu ya kiti jikoni kwenu, na simu yangu juu ya debe mbele ya spika. Ilikuwa Jumamosi, na posho mill ya baba yako hapo nje ilikuwa ikinguruma na kusaga unga, imejaa watu na magunia ya mahindi. Nikakuambia tungoje mashine izimwe. Ukasema, "Wacha zako, Cherono. Hawa majamaa wanapenda kelele, si tuwaongezee?" Nikabonyeza. Wimbo ulipofika mwisho, wewe ukashindwa kujizuia, ukaimba.

Ni ile tabia yetu ya kwaya. Kanisa zima hapa Bahati linajua kwamba alto hatujui kuacha. Soprano wamefunga midomo, besi wameshaketi, sisi bado tuko juu, na mwalimu wa kwaya anatukodolea macho. "Alto, wimbo umeisha, nendeni nyumbani!" Wewe ndiwe uliyekuwa kiongozi wa ukaidi huo, na fulana yako nyeusi ya mafuvu chini ya joho. Jikoni ulifanya vilevile, umefumba macho, mikono imejaa unga. Tukautuma wimbo kwa kikundi bila kueleza lolote, tukingoja kutukanwa. Hakuna aliyetutukana.

Halafu ukaugua, na ukaenda haraka hivyo. Kuhusu mazishi sijui nikuambie nini. Kwaya iliimba, na mwisho wa wimbo alto wote tuliacha pamoja na wengine, kwa adabu, na ule ukimya uliniuma kuliko udongo. Baba yako ameuza injini ya dizeli, akaweka mota ya stima. Inasaga vizuri ila inalia kwa sauti nyembamba. Siku ya kwanza nilipopita nilifikiri wamefunga. Tangu hapo huwa nazunguka, napita njia ya juu.

Sasa sikia. Juzi jamaa mmoja wa Nairobi alipata kaseti yake mwenyewe, akaitoa kwa mashine nzuri, akaituma. Safi kabisa. Hakuna ngurumo, hakuna sauti ya mwisho. Watu wakachanganyikiwa, wengine wakadai hiyo safi ndiyo feki. Kisha admin akaandika, "Basi ile ya kwanza ni mbovu. Kila mtu afute, tubaki na original." Niliusoma ujumbe huo tena na tena, mteja akangojea dawa ya kuku mpaka akanuna. Niliogopa, Muthoni. Ile rekodi ndipo mahali pekee ambapo bado unapumua, na watu walikuwa wanakufuta kwa kidole gumba.

Nikaandika, "Hiyo kelele ni posho mill ya Bahati. Na huyo wa mwisho anaitwa Muthoni. Alikuwa alto. Amefariki."

Zikaja pole, pole sana, vimikono vya kuomba. Kufikia jioni walikuwa wamerudia kubishana, safari hii kuhusu gitaa gani linasikika kwenye ile safi. Siwalaumu, wanapenda wimbo, hawakukujua wewe. Lakini niliiweka simu chini nikahisi upweke ambao sikuuhisi hata siku tulipokuzika, maana siku ile angalau tulikuwa wengi.

Leo asubuhi nimepata ujumbe kutoka kwa yule wa Eldoret, peke yake, nje ya kikundi. Simjui hata sura. Ameandika, "Sasa. Mimi sijafuta. Hiyo safi inaisha mapema sana."

Nimelia papo hapo kwenye kaunta. Mathe mmoja aliyekuja kununua mbegu akaniuliza kama dawa ya kupe imeniingia machoni, nikamwambia ndiyo.

Pumzika, rafiki yangu. Njia ya juu nimeiacha, kuanzia kesho nitapita kwenu nimsalimie baba yako, hata kama mota yake inalia kama mbu. Na Jumapili, wimbo wa mwisho ukiisha na kila mtu akanyamaza, mimi nitabaki juu. Mwalimu anikodolee macho anavyotaka. Nitaishikilia noti yako mpaka pale ulipokuwa unaishia wewe.

Wako,
Cherono