Mpira wa Filta ya Zamani

Shikamoo Baba,

Huku hatujambo. Mjukuu wako ameota meno mawili, sasa anang'ata hata spana zangu.

Ile injini kubwa nimeshaifunga kwenye pikapu. Filta ya oili ilikosa nafasi, nikaihamishia karibu na betri na kuiunganisha kwa paipu mbili na kifuniko chenye mpira wake, nilichokifunga kwenye injini pale ilipokuwa filta ya zamani. Nilitandika boksi chini, nikawasha: halikulowa hata kidogo. Mume wangu akacheka, "Leo hata baba yako angekosa la kusema." Asubuhi hii ameondoka nayo, anampeleka mama yake ng'ambo ya mlima.

Baba, ulinifundisha kwamba nikitoa filta ya zamani nivae mpira wake mkononi kama bangili, nijue haukubaki umeganda kwenye injini. Ulisema mpira juu ya mpira hauvuji. Unashika vizuri mpaka oili ipate moto, halafu unafyatuka, na oili yote inamwagikia ekzosi na kuwaka moto.

Nilipokuwa nanawa nimeona mkono wangu hauna kitu. Nimeiokota filta ya zamani jalalani, haina mpira. Nimempigia mume wangu, hapokei; akiwa kwenye usukani hapokei simu ya mtu. Nimemwandikia asimame, azime gari. Nakuandikia wewe kwa sababu nikikaa bure nitapiga mayowe.

Simu imelia sasa hivi. Ni ujumbe wake, inaonekana ameutuma kabla ya kuusoma wangu:

"Halivuji hata tone, mke wangu. Tunaanza kupanda mlima."

Nimempigia tena. Hapatikani.

Mwanao