Jiwe Jeupe la Shimba

Ilemela, Mwanza
12 Oktoba 1941

Mwanangu Shimba,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama yako na mgongo wake. Wewe je, hujambo? Hii ni barua ya nne bila jibu. Ngosha, mwenzako wa jeshini, amerudi kutoka vitani Uhabeshi, anasema alikuona ukianguka. Nilimfukuza uani kwangu, kisha nikalia.

Njia ya mchanga ya kwenda kisiwani Mabuye iko wazi tangu Septemba. Asubuhi watu wanavuka kwa miguu, mchana upepo wa ziwa unarudisha maji. Wazee wa ukoo wanataka nikakuwekee jiwe la waliofia mbali huko, penye boma la mababu, kabla ya mvua. Nimewaambia wangoje. Kama uko hai, jibu upesi.

Baba yako,
Luhaga

Hospitali ya jeshi, Nairobi
20 Desemba 1941

Baba, shikamoo. Mama namwamkia pia.

Niko hai. Mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti, na mikono ilikuwa imefungwa bandeji. Wenzangu walijitolea kuniandikia, nikakataa. Nilitaka habari hii uisikie kwangu mwenyewe. Nisamehe kwa kuchelewa. Tafadhali, msiniwekee jiwe.

Mwanao,
Shimba

Ilemela
18 Januari 1942

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mia! Mama yako amepiga vigelegele mpaka sauti imemkauka.

Sasa nisikilize, maana aibu inaniunguza. Jiwe tumeshaliweka. Mvua zilikuwa zinakaribia, nikaogopa roho yako itatangatanga. Nililichagua mwenyewe, jeupe, nikalibeba kichwani. Desturi unaijua: aliyewekewa jiwe akarudi hai haingii nyumba ya mama yake mpaka akalitoe kwa mkono wake, alitupe ziwani. Na apite njia ya mchanga. Anayefika kwa mtumbwi ni mgeni, mababu hawamjui.

Mguu usikutie hofu. Septemba nitakubeba mgongoni. Ulipougua surua nilikubeba mpaka misheni, leo nitashindwa?

Baba yako,
Luhaga

Nairobi
7 Agosti 1942

Baba, shikamoo. Natumaini mgongo wa mama umepoa. Mimi nimezoea magongo.

Kunibeba usahau. Mimi si yule mtoto wa surua, nina uzito wa gunia zima la mpunga, na wewe umri umekwenda. Jiwe liacheni. Nitalala kwa mjomba Mihayo, mama atakuwa akija kuniona. Pengine jiwe linasema kweli, maana mtu mliyemjua hakurudi. Meli itanifikisha Mwanza tarehe 12 Septemba.

Mwanao,
Shimba

Ilemela
20 Septemba 1942

Baba, shikamoo.

Bandarini alikuja mjomba Mihayo peke yake, hakuweza kunitazama usoni. Mama ndiye aliyenieleza. Kwamba barua yangu ilipofika ulicheka, ukasema, "Gunia la mpunga? Haya, tutaona." Ukajaza mchanga kwenye gunia, ukalifunga mgongoni kwa kamba, ukawa unavuka nalo kila asubuhi kujipima nguvu. Siku ya nne ulichelewa kurudi, upepo ukakukuta katikati ya njia. Walipokutoa majini, gunia lilikuwa bado mgongoni.

Uzito ule niliutaja mimi, baba. Ningenyamaza tu.

Jana nilivuka. Magongo yalizama mchangani, nikayaacha, nikatambaa. Mama alitangulia akiyaangalia maji, akiniambia, "Fanya haraka, mwanangu," kama nilivyokuwa naambiwa nikiwa mdogo. Jiwe nimeliona. Umelichagua vizuri. Desturi inasema nilitupe ziwani, lakini sikuweza. Nimeling'oa kwa mkono wangu, nimelisogeza hatua moja, nimelitaja jina lako. Sasa ni lako. Wazee wakikasirika, na wakasirike.

Usiku huu nalala nyumbani kwa mama. Nilipoingia nilikiamkia kiti chako kwa mazoea, kwa sauti kubwa. Sote wawili tukaingoja marahaba yako.

Kesho asubuhi mama ataipeleka barua hii, aiweke chini ya jiwe.

Mwanao,
Shimba