Programu Iliyopimwa kwenye Baridi

Oulu, 9 Januari

Babu Taisto, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Programu yangu imeishinda ya Jarkko, mwenzangu kazini, kwa kasi mara mbili: yake sekunde nane, yangu nne! Tarehe 19 bosi anachagua moja iwe inayatafutia njia magari ya wagonjwa. Namba zangu nimeshampelekea. Jarkko kanuna.

Mjukuu wako,
Pihla

Kajaani, 12 Januari

Marahaba, Pihla. Goti linauma, ila daktari ndiye anayelia. Kompyuta sijui hata inalishwa nini, lakini farasi wa mbio nimewapima miaka arobaini, na hajazaliwa wa kunidanganya. Hebu niambie: umepima mara ngapi, na wapi?

Babu yako mwenye akili

Oulu, 14 Januari

Shikamoo babu, pole na goti. Nimepima mara mojamoja, inatosha, kompyuta haichoki. Ya Jarkko niliipimia jikoni, karibu na mlango wa sauna iliyokuwa inafuka mvuke. Kompyuta ikachemka, feni ikalia, basi yangu nikaipimia nje roshani, kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri. Kwani kuna ubaya?

Pihla

Kajaani, 16 Januari

Marahaba, na Mungu anipe subira. Mtoto wewe, farasi wa Jarkko umemkimbiza ndani ya sauna kavaa blanketi, wako umemteremsha mlima upepo ukimsukuma, halafu unamcheka mwenzio? Hata jirani yangu Veikko, anayedanganya mpaka uzito wa samaki, angeona haya.

Rudia. Mashine ileile, meza ileile, mzigo uleule. Zikimbie kwanza bila kuhesabiwa, zipashe mwili. Kisha mara thelathini, kwa zamu, na uandike zote, hata za aibu. Halafu angalia kama jibu limetoka kweli. Mimi nilikuwa na farasi kafika wa kwanza, kigari alichokuwa anakivuta, na mimi ndani yake, tuko nyuma kwenye theluji.

Babu yako, anayechoka

Oulu, 19 Januari

Shikamoo babu. Nimerudia. Yangu sita, yake tano. Na mara tatu yangu ilikwama sekunde kumi na moja, na hebu fikiria mgonjwa yumo garini. Nikamwandikia bosi kwamba namba za kwanza si za kweli, kisha nikampelekea Jarkko karatasi yote. Nilijua atanicheka. Akazitazama zile tatu, kisha akaniambia, "Yangu nayo ilikwama mara mbili wiki jana. Sikumwambia mtu. Vuta kiti."

Leo bosi kaja kuchagua. Tumemwambia hakuna ya kuchagua bado.

Mjukuu wako,
Pihla