Gemu Ileile, Jezi Mpya

Jumapili, mtaa wa Fedha

Gemu ni ileile! Nimecheza mchana kutwa nikitafuta kitu kipya, nikapata jezi na majina ya wachezaji tu. Hata yule refa anayekwama pembeni mwa uwanja bado amekwama.

Nilikuwa nimeapa sinunui tena. Mpira wa Kimarekani, hapa Fedha nzima, nani mwingine anaucheza? Lakini ndugu yangu Wafula, aliye huko Marekani, alinunua toleo jipya mwezi jana, na la zamani halichezi na jipya. Simu hapokei. Yuko kazini, amechoka, atapiga. Ila akishika pedi ya gemu tukacheza mtandaoni, anaongea saa nzima, sauti yake ikitoka kwenye TV.

Hawa watu wa gemu wananishika pabaya kila mwaka.

Leo Mama alisikia sauti hiyo, akaja na sinia lake la mchele, akaketi karibu na TV. "Wafula baba, umekula?"

Wafula akaacha kucheza. Wakaongea mpaka mchele wote ukachambuliwa, mimi nimeshika pedi kama mjinga.

Baadaye Mama akanipigapiga begani. "Hii mpya ni nzuri. Ile ya zamani ilikuwa imeacha kutoa sauti."

Nikamwambia ni kweli, hii ni nzuri.